Mwenye Meli Huenda Mwenyewe

Kabla hata hajavua koti, Goreth alijua kwamba mtoto wa Mzee Stamati amekufa.

Hakuna aliyemwambia. Despina, binti wa Mzee, alikuwa amesimama jikoni na simu mkononi, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu vya harusi nzima, na alichosema ni hiki tu: kaka yake Pandeli, yule wa Buffalo, hajisikii vizuri, na baba anataka kwenda kumwona leo leo. Daktari amemkataza kupanda ndege. Je, Goreth anaweza kuendesha gari mpaka huko?

Mtu mwingine angeuliza Pandeli anaumwa nini. Goreth hakuuliza. Kwao, Warundi waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kasulu, habari ya kifo haipashwi kwa simu, wala haitupwi mezani kama funguo. Mtu huambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Anasafiri na matumaini yake, anasindikizwa na watu wanaojua wala hawasemi, na akifika anakuta wenzake wamekaa uani, mikono ya kumshika iko tayari. Hapo ndipo anaambiwa. Kumwambia mtu akiwa peke yake, hana wa kumdaka, ni ukatili, na anayefanya hivyo husemwa mpaka wajukuu wake wasikie aibu.

Yeye mwenyewe ndivyo alivyoambiwa. Mama yao alipofariki, Goreth alikuwa msichana wa shule. Kaka yake Sylveri alimfuata darasani, akambebea mfuko wa madaftari, akasema mama anamwita hospitali. Njia nzima Sylveri alimsimulia upuuzi: golikipa wa kambi aliyefungwa goli akifunga kamba za viatu, mbuzi wa padri aliyekula sketi ya mwalimu ikiwa imeanikwa. Goreth alicheka mpaka akashika mbavu. Alielewa walipokunja kona, alipowaona wanawake wamekaa chini nje ya hospitali, wote wanamtazama yeye. Tangu siku ile hakumpenda mtu duniani kama alivyompenda Sylveri.

"Naweza," alimjibu Despina. "Tutakwenda polepole."

Despina akamkumbatia. Tangu amwajiri hakuwahi kumgusa hata bega. Basi, limekwisha, Goreth akasema moyoni. Pandeli hayupo tena.

Na hapo ndipo alipoiona kazi iliyo mbele yake. Mzee wa miaka themanini na minne, moyo wake mbovu, vidonge vya kuweka chini ya ulimi havimtoki mfukoni. Atamfikisha vipi Buffalo, kutoka Louisville, bila mzee kujua njiani kwamba mwanawe amekufa? Akijua ndani ya gari, katikati ya malori, atamfia mikononi, na mikono yenyewe itakuwa imeshika usukani.

Alijifungia chooni akampigia Sylveri. Sylveri alifanya kazi Tonawanda, kwenye ghala la huyo huyo Pandeli. Ndiye aliyemtafutia dada yake kazi hii ya kumlea mzee. Lazima anajua. Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Goreth akasonya. Atakuwa ametoka zamu ya usiku, amelala kama gogo, ndiyo kawaida yake. Akamwachia ujumbe wa sauti kwa kunong'ona: "Kaka, nimesikia ya bosi wako. Tunakuja na mzee, na hajui kitu. Nakuomba tukifika uwe mlangoni. Wewe ndiye unayejua kumshika mtu."

Kwenye simu aliona amepigiwa alfajiri na namba ya Buffalo asiyoijua, na kundi la kwaya lilikuwa limejaa ujumbe. Kundi lile hujaa kila asubuhi, watu wanatumiana maua na mistari ya Zaburi. Hakulifungua. Mzee alikuwa anagonga mlango kwa fimbo.

"Goreth! Upesi! Meli haingoji abiria."

Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini. Alikipata Tanga, akiwa kijana, baba yake alipompeleka huko kusimamia upakiaji wa katani kwenye meli za ukoo. Kilikuwa Kiswahili kisicho na adabu nyingi wala ngeli nyingi, ila siku ya kwanza Goreth aliposikia Mgiriki mwenye nywele nyeupe anamwambia "chai iko moto, kaa chini", alilia, na tangu hapo walikuwa watu wa nyumba moja.

Mzee alikuwa amevaa suti nyeusi. Goreth aliitazama, akajilazimisha kutania.

"Mbona umependeza hivyo, Mzee? Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kuona mtu mkubwa," alisema, na hakucheka. Walipoingia garini akanyoosha mkono. "Simu yako. Lete."

"Ya nini?"

"Mwenye usukani hashiki kitu kingine. Kwenye meli yangu ndiyo sheria." Akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na vidonge.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Goreth alishika barabara ya kaskazini na roho iko kwenye mfuko ule. Sylveri akiamka atapiga. Mzee ataona jina, atapokea, kwa sababu wanajuana. Na Sylveri, aliyetoka usingizini, atasema pole Mzee. Hapo mambo yataharibika.

Simu ikatetemeka hata hawajatoka nje ya mji. Mzee akaichomoa nusu, akaitazama, akairudisha.

"Nani?" Goreth aliuliza, sauti ikampanda kama ya kuku.

"Watu wa kuuza bima."

Ilitetemeka tena. Na tena. Goreth hakujua kama watu wa bima wana bidii namna hiyo. Alishusha kioo kidogo ingawa ilikuwa Novemba, na kwenye mashamba ya pembeni umande ulikuwa umeganda mweupe.

Walipovuka mto Ohio pale Cincinnati, Mzee alitazama chini. Boti moja ndogo ilikuwa inasukuma matishari ya makaa yaliyofungwa pamoja, marefu kuliko uwanja wa mpira.

"Tazama huyo," alisema. "Babu yangu alianza na kitu kibovu kuliko hicho. Yeye na ndugu zake walinunua meli ya makaa ya Waingereza, ilikuwa inakwenda kukatwa vyuma. Wakaipaka rangi, wakaiita Evanthia, jina la bibi yangu. Bibi akafurahi. Halafu meli ikaanza kuvuja, na kila mtu bandarini anasema, Evanthia anavuja, Evanthia anavuja. Bibi alikaa mwaka mzima haendi kanisani!"

Goreth alicheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Alikuwa na akiba yake ya upuuzi pia, akaanza kuitoa. Alimsimulia mbuzi wa padri. Mzee akamsimulia mjomba wake aliyekuwa na meli tatu na hajui kuogelea, analala na boya hata nyumbani kwake. Goreth akamsimulia golikipa. Mzee akamsimulia baba yake, jinsi alivyokuwa akivua kiatu na kugonga nacho meza ya ofisi kila bei ya usafirishaji ikishuka, mpaka karani akaanza kumnunulia viatu vyenye soli ya mpira. Ilikuwa kama mashindano. Siku za kawaida Mzee alikuwa mtu wa kusinzia garini, mdomo wazi. Leo hakunyamaza hata kidogo, na Goreth alimshukuru Mungu, maana mtu anayesema hapati nafasi ya kuwaza.

Ila kila Mzee aliponyamaza kuvuta pumzi, Goreth alimwibia jicho. Mkono uko kifuani? Uko kifuani. Anatafuta vidonge? Hapana, anaishikilia ile simu, kama mama anavyomshikilia mtoto kwenye umati.

"Columbus tunasimama," Mzee alisema. "Kwa rafiki yako Angelika. Despina amempigia, wanatungoja kwa chakula."

Goreth alishangaa. Despina alimjulia wapi Angelika? Kisha akakumbuka kwamba siku ya kuanza kazi alitakiwa kutaja mtu wa kuitwa likitokea jambo, naye alimtaja Angelika, kwa sababu Sylveri hapokei simu akiwa kazini. Wazungu hawa nao wana akili, aliwaza. Wametafuta pa kumpumzishia mzee. Akajisikia nafuu kidogo, nafuu ya kwanza tangu asubuhi.

Angelika na mumewe Reginaldi walikuwa watu wa kambi moja na Goreth. Walikaa Columbus, upande wenye maghala mengi, kwenye nyumba za ghorofa mbili mbili zinazofanana mpaka watoto wanaingia kwa jirani. Gari lilipoegeshwa tu, mlango ulifunguka. Angelika alitoka na ndara kwenye ubaridi ule, akamkumbatia Goreth, akakaa hapo hapo, hamwachii. Nyuma yake alisimama Nzigire, jirani yao Mkongomani, mwanamke ambaye hajawahi kumwona Goreth bila kumtania kuwa amekonda kama ufagio. Leo Nzigire hakutania. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Karibu, ma dada. Ikala chini. Kula kwanza, donc njia iko mrefu."

Ndani kulikuwa na ugali, maharage, na mboga ya lengalenga, na watu wengi kuliko chakula. Wanakwaya wawili, shemasi mmoja, wote wamekaa kwenye makochi na makoti yao. Walisimama Mzee alipoingia. Goreth aliguswa sana. Hawamjui huyu Mgiriki hata kwa jina, na wameacha kazi zao kwa ajili ya msiba wake!

Alimvuta Angelika jikoni na kumnong'oneza. "Asanteni. Lakini mwambie shemasi asije akaanza kuomba kwa sauti. Mzee bado hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba mtoto wake amefariki. Pandeli. Si ndicho Despina alichokupigia?"

Angelika alimtazama. Alimtazama Nzigire, aliyekuwa amesimama na sahani mlangoni. Halafu akageukia sinki, akafungulia maji, akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

"Ndiyo," alisema bila kugeuka. "Ndiyo, dada. Tumesikia."

"Nikopeshe simu nimpigie Sylveri. Tangu asubuhi hashiki."

Sufuria ikamponyoka Angelika, ikagonga sinki kwa kishindo. "Simu yangu haina chaji," alisema.

Simu yenyewe ilikuwa pale juu ya friji, inawaka. Goreth aliiona, akaudhika, akameza udhia wake. Watu hubadilika wakifika Amerika, hata dakika mbili za simu mtu anakunyima. Angemsema, siku nyingine. Leo hakuwa na nafasi ya ugomvi. Alichungulia sebuleni na kumwona Mzee amesimama pembeni na Reginaldi, wameinamiana, Mzee anasema kitu kidogo kidogo na Reginaldi anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kama Reginaldi amemwambia?

Alifika pale kwa hatua za mtu anayekimbilia maziwa yanayofurika. "Kuna nini, Mzee?"

"Huyu bwana atashika usukani sasa," Mzee alisema. "Wewe umechoka. Utakaa nyuma na mimi."

"Sijachoka."

"Bon, hapana kubisha," Nzigire aliingilia. "Reginaldi atawapeleka. Siye tutakuya nyuma na gari ya shemasi Byamungu."

"Nyie wote? Mpaka Buffalo?"

"Mpaka Buffalo," alisema Nzigire.

Goreth aliwatazama, na machozi yakamlengalenga kwa wema wao. Angelika akatoka chumbani na kitenge cheusi chenye maua ya samawati, akamvua Goreth ile sweta yake ya njano bila kumwuliza, akamvalisha koti lake mwenyewe la kijivu, na kumfunga kitenge kiunoni juu ya suruali. Alikifunga kwa nguvu, mafundo mawili, kama anavyofungwa mtu asiyetegemewa kukifunga mwenyewe. Ni kweli, Goreth aliwaza. Huwezi kuingia kwenye msiba wa watu na sweta ya njano.

Barabara ya kaskazini ilikuwa na theluji nyepesi. Walipopita Cleveland na ziwa Erie likaonekana upande wa kushoto, la kijivu, bila mwisho, Mzee aliacha vichekesho. Alimshika Goreth mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila siku za kupimwa damu.

"Unajua kwa nini mimi nina suti hii?" aliuliza.

Goreth alimtikisia kichwa. "Mzee, pumzika. Usiongee sana."

"Suti ya kazi. Sikiliza. Mabaharia wetu wote walikuwa watu wa kisiwa chetu. Kisiwa kidogo, kila nyumba ina mtu melini kwetu. Zamani meli moja ilizama, mimi bado mtoto. Baba yangu akapeleka telegramu. Mwanamke mmoja aliipokea yuko kwenye tanuri la mkate, peke yake. Akasoma. Walimkuta jioni, mkate umekuwa mkaa, yeye amekaa anautazama, na tangu hapo hakusema tena neno. Miaka yote. Tulikuwa tunampita njiani tunakwenda shule. Bibi yangu akamwita baba, akamwambia, Evanthia ni jina langu, meli ni zangu, na kuanzia leo hakuna telegramu. Mwenye meli huenda mwenyewe. Kwa miguu. Kofia mkononi. Na majirani wawe wamekwisha kujua, wawe karibu, na maji."

"Ni kama kwetu," Goreth alisema kwa sauti ndogo.

"Ni kama kwenu. Ulinisimulia habari ya mama yako, ya kaka yako na mbuzi. Nimeikumbuka." Alimminya mkono. "Baadaye mimi ndiye mwenye meli. Evanthia ya pili, ilibeba ngano, ilikuwa inakuja huku huku kwenye maziwa haya, Buffalo ilikuwa bandari kubwa. Siku moja ya baridi ikavunjika katikati, bahari kuu. Nikavaa nguo nyeusi, nikapanda ile njia ya mawe asubuhi, mimi na padri. Wanawake waliniona toka chini. Walijua. Kila mmoja amesimama nyuma ya mlango wake. Mimi nasikia wanaomba, pita, Stamati, pita, nenda mlango mwingine. Na kila mlango niliopita, nasikia mtu anashusha pumzi. Halafu nafika ule ambao sipiti."

Reginaldi, mbele, alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, na gari likayumba kidogo.

Amejua, Goreth aliwaza, na hofu ikamshika upya, kubwa kuliko ya asubuhi. Mzee amejua kuhusu mwanawe. Anajizoeza. Anajiambia mwenyewe kidogo kidogo, ili akifika asianguke. Akachukua kile kiganja kikavu, akakiweka juu ya kitenge, akakifunika kwa viganja vyake.

"Mzee," alisema, "lolote litakalokuwa huko, mimi nipo. Siondoki. Umesikia?"

Mzee Stamati alimtazama. "Nimesikia, binti yangu," alisema. "Na mimi siondoki."

Simu ikatetemeka ndani ya koti. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani.

Giza lilikuwa halijaingia sawasawa Reginaldi alipotoka barabara kuu. Goreth aliinua kichwa. Viwanda vikuukuu vya chuma, matangi, ziwa nyuma yake.

"Shemeji, umewahi kutoka. Hapa Lackawanna. Kwa Pandeli ni North Buffalo, bado mbele."

"Najua," alisema Reginaldi.

Alikunja kulia, akakunja kushoto, na Goreth akautambua mtaa. Ulikuwa mtaa wa Sylveri. Magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili. Kwenye uwanja wa nyumba wanaume walisimama na makoti, mikono mifukoni, wamezunguka lile jiko ambalo Sylveri huchomea nyama wakati wa joto; leo halikuwa na nyama, moto tu. Kwenye ngazi na ndani ya gereji iliyoachwa wazi wanawake walikuwa wamekaa, wamejifunika vitenge.

Goreth alielewa, au alidhani ameelewa, na moyo wake ukamjaa kaka yake. Ni Sylveri huyu! Amewakusanya watu kwake. Amejua kwamba kwa Pandeli hakuna atakayeweza kumshika mzee, Wazungu watampa kiti na glasi ya maji basi. Akasema mleteni kwangu. Amesikia ujumbe wangu. Nani mwingine angefikiri hivyo kama si Sylveri?

Kisha akamwona mtu mrefu amesimama juu ya ngazi, kichwa wazi, theluji inamwangukia kwenye nywele. Goreth alipangusa kioo. Akapangusa tena.

Alikuwa Pandeli. Pandeli mwenyewe, na pua ile ya baba yake, analitazama gari.

Mzigo aliokuwa ameubeba tangu Louisville ulimdondoka wote kwa mara moja. Alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri, akatoa kichwa nje, akapiga kigelegele. Kigelegele kirefu, cha harusi, kilichopasua mtaa mzima.

"Mzee! Mwanao huyo! Mzima! Mzee, Pandeli mzima!" Alikuwa anacheka na kulia. "Wamenidanganya! Roho ilikuwa juu juu kutwa nzima bure! Sylveri! Yuko wapi Sylveri? Mwiteni aje aone!"

Hakuna aliyemwitikia kigelegele. Wanaume kwenye jiko waliangalia chini. Mwanamke mmoja gerejini alijifunika uso kwa kitenge. Gari la pili lilisimama nyuma yao, na Angelika na Nzigire wakashuka mbio mbio, lakini hawakwenda kwa Mzee. Walikuja upande wake. Mmoja alishika chupa ya maji.

Wote walikuwa wanamtazama yeye. Alikwisha kutazamwa hivyo mara moja maishani mwake, nje ya hospitali ya kambi, mfuko wake wa madaftari ukiwa mkononi mwa kaka yake.

"Sylveri yuko wapi?" aliuliza tena, na sauti yake haikuwa yake.

Mlango wa upande wa pili ulifunguka. Mzee Stamati alishuka peke yake, yeye ambaye hakuwahi kushuka garini bila kushikwa kwapani, akaanza kulizunguka gari. Alikuja polepole, fimbo inatafuta ardhi kwenye theluji, suti nyeusi, mkono mmoja umeegemea bati la gari. Alipofika nyuma ya gari alisimama, akavua kofia, akaishika mkononi. Kisha akaendelea kuja.

Goreth akakumbuka vichekesho vyote vya njiani. Mjomba na boya, baba na kiatu, bibi aliyevuja. Alikuwa amebebewa mfuko wake kutwa nzima, hakujua.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlango wa gari. Aliinua viganja vyote viwili mbele yake.

"Pita, Mzee," alisema. "Pita tu. Nakuomba. Nenda mlango mwingine."

Mzee Stamati hakupita.